Marehemu Anasoma Sana

Jumatatu, 3 Machi

Leo nimeporwa. Si simu, si viatu. Nimeporwa dirisha!

Nieleze vizuri, maana hata hasira inataka mpangilio. Maktaba ya hospitali yetu ina kaunta, kaunta ina kioo, kioo kina tundu, na nyuma ya tundu nimekaa mimi. Anayetaka kusoma majarida ya utabibu mtandaoni lazima apite kwangu kuomba neno la siri. Namwandikia kwenye kikaratasi kwa mkono wangu, nakikunja, namsukumia. Daktari wa moyo, ambaye koridoni hunipita kama anapita kabati, hapa dirishani huniulizia hali mpaka ya watoto. Hiyo ndiyo heshima. Sikuiomba, imekuja na kiti.

Sasa asubuhi kwenye kikao, Mkutubi Mkuu mpya ametangaza kwamba kuanzia mwisho wa mwezi kila mfanyakazi atafungua majarida kwa namba yake ya kazi, ileile anayotumia kuangalia ratiba ya zamu. Hakuna vikaratasi. Hakuna foleni. Hakuna dirisha!

Huyu Mkuu ni binti mdogo tu. Alipokuja hapa kwa mafunzo, mimi ndiye niliyemfundisha kupanga vitabu rafuni. Nafasi ya ukuu niliiomba mimi, akapewa yeye. Kila sentensi yake ina neno mfumo, kwa hiyo humu nitamwita Bi Mfumo. Mbele za watu akaniambia eti mzee wangu, sasa utapumzika. Wote wakapiga makofi. Nami nikapiga, kwa shingo upande.

Kisha akanitaka nifute akaunti zote za watu walioondoka hospitalini. Nimeitikia. Sifuti hata moja. Miaka yote sijawahi kumfuta mtu. Akaunti ya aliyehama ni chumba kilichobaki wazi, mwenye akili anakiazimisha. Iliyo bora kuliko zote ni ya marehemu Daktari wa Mifupa, Mungu amrehemu. Alikuwa akiniita Profesa, yeye peke yake katika jengo zima. Mwanzoni sikuifuta kwa heshima yake. Baadaye sikuifuta kwa sababu inafungua kila kitu.

Nyumbani nimemkuta mke wangu ameloweka miguu kwenye beseni. Ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, kutwa amesimama. Anaandika utafiti kuhusu vidonda vya wagonjwa wanaolala muda mrefu bila kugeuzwa. Ukikubaliwa, ndiye atakayepewa nafasi ya kwenda kusomea uuguzi bingwa, na nafasi ni moja kwa hospitali nzima. Tangu Januari ananiomba nimfungulie akaunti. Nilimwambia aandike barua ya maombi kama wengine, hakuna upendeleo. Akaandika. Nikaiweka chini ya nyingine zote.

Daftari hili halisomwi na mtu mwingine, acha niseme. Sitaki kuwa mume wa Bingwa. Mama mkwe tayari huniuliza, kila akija, mimi nitasomea nini. Lakini leo mke wangu alipoomba tena, kwa sauti ya uchovu, nimemwonea huruma. Nikamwandikia neno la siri la marehemu. Nikamwambia ni akaunti ya pamoja ya wauguzi. Alinishukuru mpaka nikaona aibu kidogo. Ikapita.

Jumanne, 4 Machi

Nimepata wazo! Sijui kwa nini watu wenye akili kama yangu hawateuliwi.

Mfumo mpya utakwama. Mifumo yote hukwama. Siku utakapokwama, madaktari watalia, na nani atakuwa na makala zote mkononi? Mimi. Nitazipakua zote, jarida kwa jarida, nizitie kwenye diski kubwa niifungie kwenye droo. Ghala langu binafsi. Watarudi dirishani kwa magoti, Bi Mfumo akiwa wa kwanza.

Nikaenda kwa shemeji. Ni mdogo wake mke wangu, na ndiye fundi wa kompyuta wa hospitali. Kijana mpole, maneno machache, macho mengi. Nikamwomba aniazime diski kubwa. Akauliza ya nini. Nikasema ya kuhifadhi picha za harusi yetu.

Akasema kama anakumbuka vizuri, kwenye harusi ile mpiga picha hakutokea.

Nikasema ni picha za simu za majirani. Akanipa diski. Lakini aliniangalia mpaka nikafika mlangoni.

Jumatano, 5 Machi

Siku ya jasho. Nimeingia kwa akaunti ya marehemu kwenye kompyuta ya kaunta na kuanza na majarida ya moyo, kwa makusudi, kwa ajili ya yule bwana wa koridoni. Bonyeza, pakua, hifadhi. Bonyeza, pakua, hifadhi. Kabla ya saa nne kidole kimevimba. Nimekitumbukiza kwenye kikombe cha maji baridi na kuendelea kwa mkono wa kushoto.

Kisha nikagundua kuna kijiprogramu cha bure kinachopakua chenyewe. Unakionyesha jarida, kinalimeza. Nimekiwasha, nimekwenda kula, nimerudi, kimemeza moyo, figo, macho na kimeanza ngozi. Nilihisi utajiri ambao sijawahi kuuhisi.

Bi Mfumo akapita. Akaona nimekodolea kioo macho. Akasema amefurahi sana kuona mzee wake anajitahidi kuzoea kompyuta. Nimeuma meno mpaka jino la nyuma limelalamika.

Jioni mke wangu amesimulia kwamba leo alishinda chumba cha upasuaji, operesheni moja ndefu tangu asubuhi, hakupata hata nafasi ya kunywa maji. Halafu akafungua simu akaanza kusoma makala zake huku anakoroga uji wa mtoto. Anasoma na tabasamu! Nimekwenda kulala mapema.

Alhamisi, 6 Machi

Balaa.

Nimefungua kompyuta asubuhi, maandishi mekundu. Kampuni inayotuuzia majarida imeifungia hospitali nzima. Kumbe wana mtambo unaowachunga wasomaji. Ukiona mmoja anapakua kama nzige, hauulizi, unafunga mlango kwa kila mtu, wasomi na wazembe pamoja. Hakuna anayeweza kuingia. Hakuna daktari, hakuna mwanafunzi, hakuna muuguzi.

Nakiri kwamba kwa muda wa saa moja nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote duniani. Dirishani kulijaa! Foleni imefika mpaka kwenye ngazi. Daktari wa moyo aliniita kaka. Kaka! Bi Mfumo alikuwa anakimbia huku na huku na simu sikioni, viatu mkononi. Nikasema moyoni, saa yangu imefika, nikafungua droo.

Wa kwanza alikuwa mfamasia. Wodini kuna mtoto mwenye figo dhaifu, ameandikiwa dawa mbili, na mfamasia anataka kuhakikisha kama zinaweza kwenda pamoja, na kwa kipimo gani. Nikamwambia atulie, kila kitu kiko hapa. Nikachomeka diski.

Mafaili yote yana majina ya tarakimu! Tarakimu ndefu, hakuna neno hata moja la binadamu. Kijiprogramu kimemeza kila kitu bila kuandika nini ni nini. Nikafungua moja kwa kubahatisha. Magoti ya farasi. Nikafungua jingine. Magoti ya farasi, sehemu ya pili. Mfamasia alikuwa ananitazama kupitia kwenye tundu, na nyuma yake foleni yote inanitazama.

Akatoa simu, akampigia mwenzake wa hospitali nyingine, akasomewa kipimo palepale mbele yangu, akashukuru, akaenda. Foleni ikaanza kutawanyika. Daktari wa moyo alinipita. Kabati tena.

Ijumaa, 7 Machi

Kikao cha dharura. Mkurugenzi mwenyewe yuko mezani. Bi Mfumo amesoma taarifa ya kampuni. Makala zote zimepakuliwa na akaunti moja tu. Akaomba radhi kwanza, kisha akataja jina la marehemu Daktari wa Mifupa.

Akasema, kwa takwimu hizi, marehemu ndiye msomaji hodari kuliko wote walio hai. Marehemu anasoma sana. Mkurugenzi akacheka, akaona hakuna mwenzake, akakohoa.

Mimi nilikuwa nahesabu vigae vya sakafu. Nilijua niko salama. Wafu hawatoi ushahidi. Lakini Bi Mfumo akaendelea. Akaunti hiyo, alisema, Jumatatu iliunganishwa na namba ya simu. Mtumiaji alipoingia mara ya kwanza, tovuti ilimtaka aandike namba ili atumiwe msimbo wa kuhakikisha, naye akaandika. Mimi kwenye kompyuta ya kaunta sijawahi kuulizwa hilo, mlango wa maktaba unaaminiwa. Ni wa nje ndio huulizwa.

Namba ni ya mke wangu.

Ameandika namba yake halisi! Nani anaandika namba yake halisi? Mtu mwaminifu ni hatari ndani ya nyumba.

Wakamwita kutoka wodini. Akaja na aproni. Mkurugenzi akamuuliza kama anaitambua namba hiyo. Akasema ni yake. Akamuuliza nani alimpa neno la siri la marehemu. Hapo ndipo mke wangu alipogeuza macho, akaniangalia mara moja tu, akageuza tena. Akasema alipewa na mtu aliyetaka kumsaidia, na hatamtaja.

Bi Mfumo akaniuliza, mzee wangu, wewe unajua lolote? Sentensi ilikuwa mdomoni. Ilikuwa fupi. Niliihisi kwenye ulimi kabisa. Nikasema nitafuatilia.

Uamuzi ni kwamba jina lake limeondolewa kwenye ile nafasi ya masomo mpaka ajieleze. Utafiti usipokelewe.

Nyumbani hakulia. Afadhali angelia. Alimlisha mtoto, akakunja nguo, kisha akasema ana ombi moja. Jumatatu niende nikaseme kwamba mimi ndiye niliyempa. Hilo tu. Yeye bado anadhani nilimpa kwa nia njema na kwamba mpakuaji ni mtu mwingine. Nikamwambia tusiwe na pupa, tukianguka wote wawili watoto watabaki na nani? Akasema sawa.

Sipendi anavyosema sawa.

Jumapili, 9 Machi

Mama mkwe amekuja. Hajaniuliza nitasomea nini. Hajaniuliza chochote. Amekaa na binti yake chumbani, mlango umefungwa, wananong'ona. Nimekaa sebuleni na kidole changu kilichovimba kama mgeni asiyekaribishwa.

Nimefikiri sana. Roho inaniuma, sijifichi. Hana kosa mke wangu. Lazima aokolewe. Lakini aokolewe kwa njia ambayo haimdhuru mtu mwingine asiye na hatia, na hapa namaanisha mimi.

Nimepata wazo!

Jumatatu, 10 Machi

Limekwenda vizuri ajabu. Saa ya chakula, kaunta ikiwa tupu, nimeandika barua pepe kwa mkurugenzi. Nimetumia lugha ya hali ya juu. Nimeandika kwamba mimi ni msomaji mwema, nisiyependa kujitaja, nina uhakika kuwa muuguzi yule hana hatia, na kwamba makala ziliibwa na wahuni wa mtandaoni walioko mbali sana. Nimeweka neno mbali mara mbili.

Kwa kuwa siwezi kutumia anwani yangu, nimetumia ya marehemu. Sanduku lake la barua bado liko wazi, na neno la siri ni lilelile. Mtu wa utaratibu, Mungu amlaze pema.

Nimetuma. Nimejisikia mwepesi. Nimemnunulia mke wangu khanga. Ameipokea kwa mikono miwili, ameiweka mezani, haijafunguliwa.

Jumanne, 11 Machi

Katibu wa mkurugenzi amerudishwa nyumbani kwa sababu ya presha. Alifungua barua asubuhi akaona jina la marehemu. Yeye ndiye aliyeagiza shada la maua la mazishi.

Na sikuwa nimeona kwamba barua zote za marehemu hujiandikia zenyewe maneno chini kabisa. Kwa hiyo baada ya wahuni wa mbali sana, mkurugenzi alisoma: Kwa matatizo ya mifupa, tuonane kliniki kila Jumatano.

Hospitali nzima inazungumza habari hiyo. Wapishi wanazungumza. Mfagiaji wa koridoni ya mifupa amekataa kuingia huko peke yake.

Baada ya chakula shemeji amekuja dirishani. Hakupaza sauti, yule kijana hajui kupaza sauti. Alisema ametazama barua imetoka kwenye kompyuta ipi. Akasema alipokuwa humo kwenye kumbukumbu za mtandao ametazama na za Jumatano iliyopita, makala zilipakuliwa kutoka kwenye kompyuta ipi, wakati dada yake yuko chumba cha upasuaji mbele ya daktari mpasuaji na timu nzima.

Kisha akauliza, Shemeji, ile diski ya picha za harusi iko wapi?

Nikafungua droo. Nikampitishia kwenye tundu la dirisha. Ilibidi niilaze ubavu ndipo ipite.

Jumatano, 12 Machi

Nimeumbuka. Mbele ya mkurugenzi nilianza kwa kukana. Nilipoonyeshwa ushahidi, nikasema nilikuwa napima ulinzi wa maktaba. Mkurugenzi akauliza kama na barua ya marehemu ilikuwa kipimo. Nikasema ndiyo, kipimo cha pili.

Alitaka kunifukuza kazi leo leo. Na nani amenitetea? Bi Mfumo! Alisimama, akasema mzee huyu ndiye aliyenifundisha kupanga vitabu, nisingekuwa hapa bila yeye, tumtafutie kazi isiyo na kompyuta. Tusi kubwa kuliko hilo sijawahi kutukanwa. Nilimshukuru. Nilitetemeka kwa jinsi nilivyomshukuru.

Jina la mke wangu limerudishwa. Utafiti utapokelewa. Kampuni imeufungua mlango, kwa onyo. Na Bi Mfumo amemfungulia akaunti yake mwenyewe, kwa jina lake mwenyewe, palepale, huku chai yake haijapoa. Kumbe sasa watu wote wanajua kwamba kufungua akaunti ni kazi ya muda mfupi kiasi hicho. Nimeitunza siri hiyo miaka yote!

Mimi nimehamishiwa chini, kwenye ghala la majarida ya zamani ya karatasi.

Nyumbani nilimkuta mke wangu anapanga nguo zake kwenye chumba cha watoto. Nilitegemea kelele, nilikuwa nimetayarisha majibu. Hakupiga kelele. Alisema utafiti haukumuuma sana, utafiti ungeandikwa tena. Alisema pale mezani yeye alinyamaza kwa ajili yangu, na mimi nikanyamaza kwa ajili yangu.

Nikauliza chakula kiko wapi.

Jumatatu, 24 Machi

Ghala. Hakuna dirisha, taa moja, vumbi la kutosha kulimia. Majarida yote ya kabla ya mtandao, yamefungwa vitabu vitabu, migongo ya kijani na ya kahawia. Hayapo kwenye kompyuta yoyote. Mlango ni wa chuma, ufunguo ni mmoja, umeninginia shingoni mwangu. Hakuna aliyeshuka wiki nzima.

Mfumo mpya umeanza mapema kabla ya siku yake, na haujakwama. Nasikia madaktari wanasoma vitandani mwao. Waharibu macho, shauri yao.

Asubuhi nimemwita seremala aje apime mlango. Nataka anitobolee tundu dogo, usawa wa kifua, na kibao cha kuegemeza karatasi. Akauliza kwa ajili ya nani, mbona hakuna watu. Nikamwambia apime tu.

Mchana nikasikia nyayo kwenye ngazi. Nikazijua nyayo hizo kabla hajafika.

Mke wangu. Ana aproni, amechoka, ameshika kikaratasi. Tangu siku ile tunazungumza habari za watoto na gesi tu. Leo alisimama mlangoni, akaniamkia vizuri, akaniuliza kama kuna baridi huku. Roho iliruka. Akasema wasomaji wa utafiti wake wameupenda. Wamemtaka jambo moja tu, atazame makala ya kwanza kabisa iliyoandikwa kuhusu kuwageuza wagonjwa, ya zamani sana, haiko mtandaoni. Bi Mfumo amemwambia iko kwangu. Anatakiwa ajibu kesho asubuhi. Akanyoosha kikaratasi na kusema, tafadhali, Baba Watoto.

Tafadhali! Na Baba Watoto juu yake! Nilitamani aliseme tena.

Kitabu nilikuwa nakiona kutoka kwenye kiti changu. Mgongo wa kijani, rafu ya pili, mkono ungekifikia bila kusimama.

Nikamweleza utaratibu. Ghala hili lina taratibu zake sasa, nimezitunga mwenyewe wiki iliyopita. Barua ya maombi, sahihi ya mkuu wa wodi, muhuri. Kisha nitaipitia. Alidhani natania. Alisubiri nicheke, nilimwona kabisa anasubiri, hata yeye midomo ilikuwa imeanza kulegea. Nikamwambia hakuna upendeleo.

Amekunja kikaratasi chake, akakitia mfukoni mwa aproni, akapanda ngazi taratibu.

Nimesubiri mpaka saa ya kufunga, hajarudi. Atakuwa bado anatafuta muhuri. Lakini lazima arudi. Atakwenda wapi? Ufunguo ninao mimi.